Mkono Kabla ya Mita

Fundi aliyezoea kukagua kebo za karavani haanzi na mita. Kwanza anaichomoa kebo pande zote mbili, upande wa nguzo ya umeme na upande wa karavani. Kisha anaitandaza chini kwenye kivuli, yote, hadi isibaki na mviringo hata mmoja. Anachuchumaa penye plagi, anaishika kebo kwa kiganja kizima, kidole gumba juu na vinne chini, na kuanza kuipitisha mkononi polepole huku macho yake yakitazama pengine kabisa. Kebo ya kawaida ya karavani za Marekani ina urefu wa futi 25, kama mita saba na nusu hivi. Mwenye haraka huimaliza kwa nusu dakika. Fundi huyu ataikalia robo saa, na kabla hajafika mwisho atakuwa amerudi nyuma kupapasa upya sehemu ambayo mimi na wewe tungeapa kwamba haina kitu.

Huko Amerika Kaskazini wapo mafundi wanaozunguka kambi kwa kambi na gari la vifaa, wakitengeneza karavani palepale zilipoegeshwa. Kazi zao nyingi zinaonekana: paa lililokuwa likivuja limekauka, jokofu lililokuwa halipozi sasa linapoza. Kukagua kebo hakuachi chochote cha kumwonyesha mteja. Kebo ikiwa nzima, fundi anairudisha ilivyokuwa na kusema ni nzima, na mteja anabaki akijiuliza amelipia nini. Nadhani ndiyo sababu naipenda kazi hii kuliko zile nyingine. Anayeifanya vizuri anaifanya bila kutazamia sifa.

Karavani ninazozungumzia ni zile nyumba za magurudumu, za kuvutwa na zenye injini zake, ambazo nyingi hutoka katika viwanda vya Elkhart, Indiana, na miji inayouzunguka. Zikifika kambini huegeshwa kando ya nguzo fupi yenye soketi, na ubavuni mwa nyumba huvutwa kebo moja nene hadi kwenye nguzo hiyo. Kiyoyozi, jokofu, hita, chaja ya betri, vyote vinakula kupitia kebo hiyo moja. Kebo hizo ziko za aina mbili. Ya ampia 30 ina nyaya tatu: mweusi wenye moto, mweupe wa nyutro na wa kijani wa ardhi; kwa volti 120 inapitisha hadi wati 3,600. Ya ampia 50 ina nyaya nne, maana nyaya za moto ni mbili, mweusi na mwekundu, na uwezo wake unafika wati 12,000.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyezoea volti 230 au 240 anaweza kudhani kwamba volti 120 ni umeme wa upole. Kwa mtu aliyegusa waya pengine ndivyo, ingawa nisingependa kumshauri mtu yeyote ajaribu. Kwa kebo ni kinyume chake. Hita ya wati 1,500 inayokula ampia sita na nusu kwa volti 230 hula ampia 12.5 kwa volti 120. Na joto linalozaliwa penye kiungo kibovu haliongezeki sambamba na mkondo. Linafuata mraba wake, jambo ambalo James Prescott Joule alilionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mkondo ukikaribia kuwa maradufu, joto linakaribia kuwa mara nne. Kasoro ambayo katika nyumba yenye volti 230 ingekaa miaka bila kujulikana, kambini Arizona wakati kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa inaweza kuyeyusha plagi kabla jua halijatua.

Sasa turudi kwenye kile kiganja. Kinatafuta nini?

Ukiikata kebo ya ampia 30 utakuta kwamba kila waya wake umetengenezwa kwa nyuzi nyembamba za shaba, kwa kawaida zaidi ya mia moja, kila uzi ukiwa na unene wa robo milimita. Wingi huo ndio unaoiwezesha kebo kukunjika na kuviringishwa. Ndio pia unaoficha kasoro. Shingoni mwa plagi, pale ganda gumu linapokutana na kebo laini, nyuzi hukunjwa mahali palepale kila siku ya kufika na kila siku ya kuondoka. Zinakatika moja moja. Uzi wa kwanza ukikatika hakuna taa inayofifia, wala wa ishirini, wala wa hamsini. Ganda la nje la plastiki linanyumbulika kuliko shaba, kwa hiyo linabaki zima na kung'aa juu ya mkatiko ulio ndani yake. Fundi anapofika shingoni anaikunja kebo taratibu huku na huku, akisikiliza kwa vidole jinsi inavyopinga. Kebo nzima inapinga sawasawa pande zote. Iliyokatika ndani ina mahali inapolegea ghafla, inakunjika kwa pembe kali badala ya upinde.

Mbali na shingo, kiganja kinatafuta mambo mengine. Sehemu iliyobonyea: hapo kebo ilibanwa na mlango wa kijumba inamohifadhiwa ubavuni mwa karavani, au ilikanyagwa na gari juu ya kokoto. Sehemu ambayo ganda linazunguka peke yake bila nyaya za ndani kulifuata: hapo kebo ilivutwa kwa nguvu, pengine na mtu aliyeondoa gari kabla ya kuchomoa. Sehemu iliyokakamaa: plastiki ya PVC ikipata joto mara nyingi hupoteza kile kinachoifanya iwe laini, ikawa ngumu. Sehemu inayonata, iliyolowa mafuta au iliyolala muda mrefu ikigusana na plastiki ya aina nyingine. Na vijishimo viwiliviwili vya meno ya panya, ambavyo jicho huvipita kwa urahisi kwa sababu kebo ni nyeusi na kivuli ni cheusi.

Panya wanastahili neno la ziada. Kila Januari maelfu ya karavani hukusanyika Quartzsite, mji mdogo wa jangwani huko Arizona, na wengi wa wanaokaa huko hupiga kambi kwenye ardhi ya wazi isiyo na nguzo yoyote ya umeme. Kebo zao hulala tumboni mwa karavani kwa majuma, zimeviringishwa gizani. Watu hudhani kebo isiyotumika inapumzika. Kwa panya hapo ni chumba kikavu chenye kitu cha kunolea meno. Fundi mwangalifu humuuliza mteja kebo ilikaa wapi majira yaliyopita kabla hajauliza imefanya kazi gani.

Pakiwa na tepu nyeusi, anaibandua. Hilo nalipenda sana, kwa kuwa linahitaji ujasiri kidogo mbele ya mwenye mali aliyeizungushia kwa mikono yake na anayeamini kwamba alitengeneza. Tepu haizibi kitu. Inaficha jeraha na kulifungia unyevu ndani, na maji yakishaingia hayakai palepale. Hupanda kati ya zile nyuzi nyembamba, yakiifanya shaba kuwa nyeusi au ya kijani umbali wa kutosha kutoka pale yalipoingilia.

Baada ya mkono ni zamu ya macho na pua. Meno ya plagi yanatakiwa yawe na rangi moja. Jino moja likiwa la kahawia au lenye rangi ya samawati, hapo palichemka, na fundi anajua tayari ni waya gani wa kumshuku. Vidoa vidogo vya kuungua kwenye ncha ya jino vinaeleza habari nyingine: mtu huchomeka na kuchomoa huku mzigo ukiwa unavuta, badala ya kuzima kwanza sakiti breka ya nguzo. Tundu la plastiki linalozunguka jino likiwa limevimba au limepoteza kingo zake, joto lilifika mbali. Kisha anainusa plagi. Nimewahi kuona watu wakicheka wakimwona mtu mzima akinusa plagi, lakini plastiki iliyoungua huhifadhi harufu muda mrefu. PVC huwa kali inayokwaruza koo, na baadhi ya plastiki ngumu za plagi hutoa harufu ya samaki. Upande wa karavani, ambako kichwa cha kebo huingizwa na kuzungushwa kidogo ili kijifunge, anatazama kama meno yake yana alama ya kukaa nusu nusu. Wengi huingiza na kusahau kuzungusha. Umeme unapita, kila kitu kinawaka, na mkondo wote unapita kwenye ncha za chuma zilizogusana kwa sehemu ndogo tu.

Plagi iliyoungua ni ugonjwa wa kuambukiza. Ndani ya soketi ya nguzo kuna vibanio vya chuma vinavyolikaza jino la plagi kwa nguvu ya springi. Joto huiua springi hiyo. Karavani inayofuata ikija na plagi mpya kabisa, inakuta kibanio kilicholegea, inachemka, meno yake yanachakaa; kesho yake inaondoka na kwenda kuchomekwa kwenye soketi nzima ya kambi nyingine, na kibanio cha huko nacho kinaanza kulegea. Kwa hiyo fundi anayebadilisha plagi bila kuuliza ilichomekwa wapi mara ya mwisho amefanya nusu ya kazi. Wanaoifanya yote huenda hadi kwenye nguzo, wakazima breka, wakaingiza plagi na kuichomoa, wakipima kwa mkono jinsi soketi inavyoishika. Ikiingia bila kupingwa, wanaiambia ofisi ya kambi, na karavani wanaihamishia nguzo nyingine.

Hapo ndipo mita inapotoka mfukoni, na hapo ndipo fundi mzuri anapoachana na fundi wa kawaida. Wa kawaida anaiweka multimita kwenye mlio, anagusa jino la upande huu na tundu la upande ule, mita inalia, naye anasema kebo ni nzima. Mlio ule ni sifa iliyotolewa mapema mno. Uzi mmoja wa shaba kati ya mia ukibaki, mita italia vilevile. Hata akisoma namba, haitamsaidia sana: waya wa kebo ya futi 25 una ukinzani wa takriban 0.025 ya omu, ilhali nyaya za mita yenyewe mara nyingi zina omu 0.2. Anajaribu kupima kitu kilicho kidogo kuliko uchafu wa kipimo chake.

Mteja naye yuko upande wa mlio. "Mbona inafanya kazi?" Sentensi hiyo nimeisikia Kiingereza na Kiswahili, na katika lugha zote mbili inasemwa kwa sauti ileile ya kuonewa. Inafanya kazi, ndiyo. Kebo mbovu hufanya kazi hadi dakika ile ya mwisho. Kupita kwa umeme kunathibitisha tu kwamba umeme unapita. Hakusemi unapita kwa shida gani, wala ni wapi unaacha joto.

Kwa hiyo swali linaulizwa kwa namna nyingine. Njia ninayoipenda kuliko zote haihitaji kifaa cha gharama. Kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili, fundi anachukua betri ya gari ya volti 12 na taa ya mbele ya gari ya wati 55, anaviunganisha kwa mfuatano na waya mmoja wa kebo. Taa inawaka, na ndani ya waya ule sasa unapita mkondo wa ampia nne na nusu hivi. Kisha anaiweka mita kwenye milivolti na kugusa ncha mbili za waya uleule. Mkondo unapita njia yake na mita inasikiliza kwa njia yake nyingine, kwa hiyo ukinzani wa nyaya za mita hauingii kwenye hesabu. Waya mzima wa futi 25 utaonyesha kama milivolti 115. Anahamia wa pili, kisha wa tatu. Katika kebo ya ampia 30 nyaya zote tatu zina unene mmoja na urefu mmoja, hivyo majibu yanapaswa kulingana. Hahitaji kitabu wala jedwali. Kebo inajipima kwa nafsi yake. Mbili zikisema 115 na wa tatu ukasema 300, kiungo cha huo wa tatu kimeharibika, ama kwenye plagi ama kwenye kichwa cha upande wa pili. (Katika kebo ya ampia 50 waya wa ardhi hufanywa mwembamba kuliko wenzake, na wake utasoma juu zaidi bila kosa. Asiyelijua hilo atahukumu kebo isiyo na hatia.)

Kuna lisilonaswa na milivolti, nalo ndilo linalorudisha heshima kwenye kiganja. Nyuzi zilizokatika shingoni zimekatika mahali pafupi sana, pengine milimita chache. Waya kuwa mwembamba kwa milimita tano kunaongeza ukinzani mdogo mno, hata nyuzi zikibaki chache. Namba haitacheza. Kinachocheza ni taa. Fundi anamwomba mtu aitazame, au anaigeuza ielekee ukuta, kisha anaikunja shingo ya kebo pande zote, anaivuta, anaisukuma irudi ndani ya plagi. Taa ikipepesa, ncha zilizokatika zinagusana na kuachana. Siku ya mzigo mkubwa kila kuachana huko kutakuwa cheche ndani ya plastiki. Ubovu wa namna hii hupatikana kwa kusumbua kebo, na ni mkono uliojua mapema pa kusumbua.

Kisha kuna kihami, yaani ile plastiki inayotenganisha waya na waya. Kwa kazi hiyo kifaa chake ni kingine, kinachosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu na kupima kinachovuja. Kampuni ya Evershed & Vignoles ya London ilisajili jina la Megger mwaka 1903, na hadi leo mafundi wengi hukiita kifaa cha aina hiyo kwa jina hilo, kiwe kimetengenezwa na yeyote yule. Kanuni za Uingereza zinataka kihami cha umeme wa nyumbani kisipungue megaomu moja. Kebo nzima na kavu hupita hapo kwa mbali sana. Kinachonivutia ni jinsi wanavyokitumia kwa subira. Anayejua hapimi mara moja akaondoka. Anapima nyaya mbili mbili, kila jozi, huku pande zote mbili za kebo zikiwa hewani, maana volti 500 zikiingia kwenye vifaa vya elektroniki vya karavani hasara yake itakuwa yake. Kebo iliyolala kwenye majani yenye umande anaipima asubuhi ilivyo, kisha anaianika na kuipima tena. Jibu la asubuhi likiwa baya na la mchana likiwa zuri, wengine huridhika na la mchana. Yeye huamini la asubuhi: maji yana mahali pa kuingilia.

Waya wa ardhi ndio unaotendewa uzembe zaidi, kwa kuwa siku njema haufanyi chochote. Ukikatika, hakuna taa inayofifia, kiyoyozi hakilalamiki, mteja hapigi simu. Lakini karavani imesimama juu ya matairi ya mpira. Waya wa moto ukivuja mahali popote ndani yake, na ule wa ardhi ukawa haupo, bodi nzima ya chuma inapata umeme na kuukalisha ukimsubiri mtu. Atakayekuja ni mtoto asiye na viatu, amesimama kwenye majani mabichi, anaushika mpini wa mlango. Charles Dalziel, profesa wa Berkeley huko California, alitumia miaka mingi kuchunguza ni mkondo kiasi gani unaomfanya binadamu ashindwe kuachia alichokishika, na akapata kwamba kwa wengi ni miliampia chache, kumi na kidogo. Mwaka 1961 alibuni swichi ya GFCI, ile inayokata umeme mvujo ukifika miliampia kati ya nne na sita. Katika nguzo za kambi ulinzi huo umewekwa kwenye soketi ndogo za ampia 15 na 20. Zile kubwa za karavani, kwa kawaida, hazina. Kwa hiyo usalama wa mtoto yule umening'inia kwenye waya wa kijani ambao hakuna aliyeukagua tangu siku ya kununua. Fundi ninayemsifu hapa huanza majaribio ya taa na waya huo, na hurudia na huo.

Baada ya yote hayo, na kwa sharti kwamba kebo haikuonyesha jeraha, inachomekwa na kupewa kazi ya kweli. Hita ya wati 1,500 inawashwa ndani. Fundi anapima volti ndani ya karavani, na wakati huohuo anapima kwenye soketi nyingine ya nguzo ileile, akishahakikisha kwamba soketi hiyo inalishwa na waya uleule wa moto. Kwa kebo nzima tofauti itakuwa ndogo, volti moja au pungufu, pamoja na viungo vyake. Ikiwa volti tatu, hesabu ni ya papo hapo: volti tatu mara ampia 12.5 ni wati 37 na nusu zinazogeuka joto kabla ya kufika kwenye hita. Zikiwa zimetawanyika katika kebo nzima, hazitamdhuru mtu. Zikiwa zote ndani ya plagi moja, zinatafuta pa kutokea. Na mzigo ukipanda hadi ampia 30, kiungo chenye omu 0.1 tu kitatoa wati 90, joto la balbu ya zamani lililofungiwa kwenye kipande cha plastiki kinachoenea ndani ya ngumi.

Mita imesema ni kiasi gani. Haijasema ni wapi. Baada ya nusu saa fundi anapitisha tena kiganja chake, safari hii nje ya ganda alilokwisha kulithibitisha, na anatafuta joto lililojikusanya. Kebo kuwa vuguvugu sawasawa mwanzo hadi mwisho ni hali yake. Mahali pamoja penye joto kuliko jirani yake ni jibu. Siku hizi wengi wana kipimajoto cha miale, kile kinachosoma joto kwa mbali kwa kutumia mwanga usioonekana ambao William Herschel aliugundua mwaka 1800. Ni kifaa kizuri, ila kina udanganyifu wake: kikielekezwa kwenye chuma kinachong'aa husoma chini sana, kwa sababu chuma cha namna hiyo hakitoi miale kwa wingi. Meno ya plagi yanaweza kuwa yanachemka nacho kikaonyesha joto la kawaida. Wajuzi hukielekeza kwenye plastiki, au hubandika kipande cha tepu nyeusi juu ya chuma na kusoma hapo. Walau tepu imepata kazi ya heshima.

Kebo haipimwi mzigo ikiwa imeviringishwa. Hili linawahusu pia wanaofunga maturubai na spika za harusi kwetu, wanaovuta mita tano kutoka kwenye gurudumu la kebo lenye mita hamsini na kuziacha nyingine ndani. Mviringo hauachi joto litoke. Ndiyo maana magurudumu mengi huandikwa uwezo wa namna mbili, mdogo ikiwa imeviringishwa na mkubwa ikiwa imefunguliwa yote, kwa herufi ambazo sijamwona mtu akizisoma.

Inabaki hukumu. Ubovu ukiwa karibu na ncha, fundi anakata na kufunga plagi mpya. Lakini anakata mpaka wapi? Anachuna ganda, anatazama shaba. Ikiwa nyeusi, anakata tena sentimita chache. Anaendelea hivyo hadi aone shaba yenye wekundu wake, hata kama kebo inafupika mbele ya mwenyewe anayeguna. Nyuzi hazipaki risasi ya kuchomelea kabla ya kuzibana kwa skrubu, kwa kuwa risasi hutambaa polepole ikibanwa na baada ya miezi skrubu inabaki ikishika hewa. Anaikaza kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, anaisubiri kidogo, anaikaza tena. Ubovu ukiwa katikati ya kebo, hana maneno mengi. Kebo hiyo imekwisha. Anaikata plagi zake zote mbili kabla ya kuitupa, maana kebo nene ya shaba yenye plagi haikai jalalani hadi jioni. Mtu ataiokota na kuipeleka kwake.

Wako wanaokwenda hatua moja zaidi, na hao ndio ninaowavulia kofia. Plagi iliyohukumiwa wanaibana kwenye jiliwa na kuipasua kwa msumeno kwa urefu, ili waone kama kile mkono ulichodai kilikuwa kweli. Wakati mwingine wanakuta sawasawa walivyotabiri: kibanio kilichoshika nusu ya nyuzi tangu kiwandani, nusu nyingine zimekunjwa kando zikiwa nyeusi. Wakati mwingine wanakuta shaba safi, na inabidi wakubali kwamba shingo ile ilikuwa ngumu kwa sababu ya jua tu. Vipande hivyo huwa hawavitupi mara moja. Hubaki kwenye sanduku la vifaa, na kijana anayejifunza kazi hupewa avishike huku amefumba macho.

Kebo mpya ikiletwa, kabla haijachomekwa popote, inapitishwa kwenye betri na taa, na namba tatu za milivolti zinaandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kijumba chake, pamoja na tarehe na joto la hewa la siku hiyo, maana shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda. Mwakani atakayekuja kuikagua, awe yeye au mwingine, atakuwa na cha kulinganisha nacho.